Siku Niliyozimia kwa Amri ya Mama

Juzi jirani yangu hapa Kakiika, pembeni mwa Mbarara, alikuwa anapika sombe, ile mboga ya majani ya muhogo ya kwetu Kongo. Alimimina mafuta ya mawese kwenye sufuria, yakapata moto, akatia nyanya ya kopo, na ile harufu ikapita chini ya mlango wangu. Kabla sijafikiri chochote, mkono wangu ulikuwa umeshapanda kichwani kutafuta kidonda. Sikukuta kitu, bila shaka. Kidonda hicho hakijawahi kuwepo. Lakini kuna asubuhi moja ya utoto wangu ambapo watu wazima wenye akili timamu waliamini kwamba kipo, na mmoja wao akaniombea rozari nzima. Nilijikuta nimesimama katikati ya chumba nacheka peke yangu, hadi jirani akaniuliza kupitia ukutani kama niko salama.

Nilikuwa na miaka minane au tisa, kutegemea ni karatasi ipi unaisoma, maana tulipoandikishwa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Mama alitaja mwaka mmoja na karani akasikia mwingine. Tulikuwa tumetoka Kivu Kusini, mimi na yeye tu. Tulikaa kwanza Kabazana, mahali wanapopokelewa wageni, muda ambao naukumbuka hasa kwa sababu ya uji, kisha tukapewa kiwanja. Mama akajenga nyumba ya udongo, akapanda maharage mpaka karibu na mlango, na ndani ya mwezi mmoja alikuwa anajua majina ya watu wote wa kijiji, watoto wao, na nani anaumwa nini. Kituo cha afya kilipotafuta watu wa kujitolea, wa kutembelea nyumba na kufundisha, hakuna aliyeshangaa Mama alipochaguliwa. Walimpa fulana, filimbi, begi la bendeji, na bunda la karatasi kubwa zenye picha.

Kazi yake ilikuwa kuzuia watu wasiumie. Aliingia nyumba za watu na kunyanyua sufuria za maharage kutoka chini, akisema mtoto anayetambaa haoni sufuria, anaona kitu kizuri kinachotoa moshi. Alimwaga dawa za shamba zilizowekwa kwenye chupa za soda. Aliwasimamisha vijana wa bodaboda na kuwauliza kofia zao za kichwa ziko wapi, nao wakamwonyesha, zimening'inia kwenye usukani. "Ile usukani iko na ubongo?" aliwauliza. Wakawa wanapita njia nyingine.

Mimi nilimfuata siku za Jumamosi, na nilizielewa picha zake kwa namna yangu. Moja ilionyesha mwanamke ameanguka kwenye maji karibu na bomba, miguu juu. Chini yake palichorwa mtu anayemwaga mchanga. Hiyo ndiyo niliyoipenda, kwa sababu ilieleza jambo nililokuwa nimeliona mwenyewe: wanawake wa kijiji chetu walikuwa wanaanguka mno. Mama alimuuliza mmoja jicho limefanya nini, akajibu, "Nilianguka." Alimuuliza mwingine mdomo umefanya nini, akajibu, "Nilianguka bombani." Wanaume hawakuwa wanaanguka, labda kwa sababu hawakuwa wanakwenda bombani. Nikahitimisha kwamba udongo wa Nakivale unateleza, kwamba hilo ndilo lililofanya tuletewe karatasi, na kwamba watu wazima wanalichukulia jambo hili kwa uzembe.

Aliyeanguka kuliko wote alikuwa jirani yetu Dafroza, Mrundi, mke wa Salvatori. Nilimwita mama Dafroza kwa heshima, ingawa alikuwa bado kijana na hakuwa na mtoto. Mara ya tatu alipoanguka, nilichukua kopo, nikaenda bondeni kulikokuwa na mchanga, nikarudi na kuumwaga mlangoni kwake na kwenye njia yote mpaka barabarani. Alitoka na kunikuta nimechuchumaa nikiusawazisha kwa mkono.

"Unafanya nini, mwana?"

"Ni ili usianguke tena, mama Dafroza."

Aliniangalia. Aliingia ndani, akakaa huko muda, akatoka na kiazi cha kuchoma na kunipa. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilidhani ni moshi wa jikoni, nikakumbuka kumwambia Mama kwamba jiko lake nalo linahitaji kutazamwa.

Sasa, Mama alikuwa na sheria moja aliyonirudia kila Jumamosi kabla hatujatoka: "Maneno ya ndani ya nyumba ya mutu haitokake nje. Unasikia, unameza." Nilikuwa nimeshameza maneno mengi sana ya watu. Nilijiona kama sanduku la benki.

Ikafika siku ya mtihani. Mama alikuwa amewafundisha watu kumi huduma ya kwanza, na wageni wawili walikuwa wanakuja kutoka Kampala kuona kama mafunzo yameingia. Mpango ulikuwa hivi: patakuwa na ajali ya pikipiki ya kuigiza barabarani, karibu na kanisa la mabati. Mama na wageni watajificha nyuma ya ukuta wa kanisa na kuangalia wanafunzi wanavyofanya bila msaada. Majeruhi nilikuwa mimi. Jumapili nzima Mama alinisuka nywele kwa ajili hiyo, mistari midogo midogo, akisema hata majeruhi wa mbele ya wageni lazima awe nadhifu. Asubuhi yenyewe alichanganya nyanya ya kopo na mawese kwenye kikombe, akanipaka kichwani, shingoni na kwenye gauni, akarudi nyuma hatua mbili na kuniangalia kama mtu aliyemaliza kupaka nyumba rangi.

"Sikia muzuri, Sifa. Umeanguka na piki, umezimia. Mutu mwenye kuzimia hasemake, hachekake, hajikunake. Hata inzi ikuje ku pua, unaiacha. Usifungule macho mpaka mimi mwenyewe niseme: Sifa, amuka. Mimi, hapana mutu mwingine. Unasikia?"

"Ndiyo, Mama."

"Ukifungula macho mbele ya wageni, utaniona."

Nikalala barabarani kando ya pikipiki iliyolazwa ubavu, nikafumba macho, nikazimia.

Yaliyofuata niliyasikia tu, mengine nilisimuliwa baadaye. Mwanafunzi bora wa Mama alikuwa mzee Bizimana, fundi baiskeli, aliyekuwa amesoma mafunzo hayo mara mbili kwa hiari yake. Tangu amalize mara ya kwanza hakuna mguu uliovunjika kijijini ambao hakuufunga vijiti, ikiwemo miguu ya mbuzi wawili na kuku mmoja, na yule kuku inasemekana hakuwa amevunjika. Alipuliza filimbi. "Rudini nyuma! Mpeni hewa! Hakuna kumpa maji! Hakuna kumnyanyua kichwa!" Nilihisi vidole vyake vikubwa vyenye harufu ya grisi vikinifunga bendeji, taratibu kabisa, kisha vijiti kwenye mguu mmoja, kisha, kwa kuwa vijiti vilibaki, kwenye mguu wa pili.

Hatua ya mwisho katika mafunzo ilikuwa: simamisha gari lolote. Mama alitegemea wapunge mkono hewani, yeye atokee, wageni wapige makofi, basi. Lakini wakati uleule ilitokea ambulansi ya kweli, ikitoka kituo cha afya kuelekea Mbarara. Mzee Bizimana alisimama katikati ya barabara, amenyoosha mikono yote miwili. Hakushangaa hata kidogo. Alidhani gari hilo ni sehemu ya mtihani, kwamba Mama Sifa ameona mbali mpaka amekodi ambulansi. Wageni nyuma ya ukuta wakadhani hivyohivyo na mmoja akasema kwa mshangao kwamba hata Kampala hajaona zoezi kama hili.

Dereva alikuwa Mnyankole mwenye sauti nene. "Banange! Nani alifanya hii mtoto hivi?"

"Pikipiki," alijibu mzee Bizimana kwa ukakamavu, kama alivyofundishwa. "Amezimia. Anapumua. Nimemfunga miguu yote miwili."

"Leta! Leta haraka!"

Nikanyanyuliwa. Nikalazwa juu ya kitu laini, mkanda ukakazwa kifuani. Wakati huo Mama alikuwa amepita wageni mbio, pindo la gauni amelikusanya mkononi, akipiga kelele, "Ni mufano! Ni mufano! Ni mufano tu!"

"Sawa, nyabo!" dereva alimjibu. "Mufano tunapeleka! Wewe kuja na boda!"

Mlango ukafungwa. Nilisikia filimbi ya Mama ikipulizwa nyuma yetu, ikififia, ikififia zaidi, hadi sikuisikia tena. Nikafikiri: zoezi hili ni refu kuliko alivyosema. Lakini hajasema amuka.

Watu huniuliza kwa nini sikufungua macho. Hawakumjua Mama. Na kwa nini hakumpigia dereva simu? Alimpigia mara kumi na saba. Dereva yule alikuwa amehudhuria semina ya kuzuia ajali barabarani, na katika semina hiyo aliahidi kutopokea simu akiwa kwenye usukani, na alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Mwendo wake nao ulikuwa wa semina. Baiskeli zilitupita. Kila walipovuka ng'ombe alisimama na kuwasubiri wote, pembe zao zikigonga bodi ya gari, huku akiwaambia taratibu kwa Kinyankole maneno ambayo kwa sauti yake yalikuwa ya heshima.

Sikuwa peke yangu huko nyuma. Nilisikia mtu anapumua kwa kukatakata, kama anayekata pumzi ili isimuume. Kisha sauti ikasema, karibu na sikio langu, "Mana yanje! Ni mtoto wa Mama Sifa!"

Ilikuwa sauti ya mama Dafroza. Alikuwa amevunjika mkono usiku uliopita, na kituo cha afya kilikuwa kinampeleka kupigwa picha. Muuguzi wa kumsindikiza alikuwa anazalisha mtu, kwa hiyo walimweka kwenye benchi peke yake na mkono wake umefungwa kwenye kipande cha boksi. Nikafikiri: ameanguka tena. Na mchanga wangu?

Alianza kunifuta uso kwa pembe ya kitenge. Akasita. Nilimsikia ananusa.

"Yewe, Wakongomani," alisema kwa huzuni kubwa. "Hata damu yao inanukia mawese."

Hapo ndipo nilipokaribia kufa kweli, kwa kicheko kilichokwama kifuani. Niling'ata ulimi. Yeye akaona shavu linatikisika, akadhani ni degedege, akatoa rozari yake na kuanza. Alisali kutoka kijijini kwetu mpaka tulipoanza kupanda milima ya Isingiro, Salamu Maria moja baada ya nyingine, akitaja jina langu kila mahali palipo na nafasi. Nyanya ilikauka na kunivuta ngozi. Inzi mmoja aliyepanda nasi tangu kwetu alitembea kwenye mdomo wangu wa juu, polepole, kama anayepima kiwanja. Sikujikuna. Nadhani sijawahi kutii jambo lolote maishani kama nilivyotii siku ile.

Rozari ikaisha. Kisha akaanza kusema nami, siyo na Mungu tena.

"Wewe mtoto, ulinimwagia mchanga mlangoni." Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayesimulia jambo la kawaida. "Mchanga wako ulikuwa mzuri. Lakini mie sikuteleza. Sijawahi kuteleza. Ni Salvatori. Safari hii alichukua mpini wa jembe, ati nimechelewa bombani, na foleni aliiona mwenyewe." Gari likapita kwenye shimo, akaguna kwa maumivu. "Mama yako ameniuliza mara tatu. Amekaa kwenye mkeka wangu, akaniuliza vizuri. Mara tatu nikamdanganya. Ningemwambia nini? Kwamba naogopa kurudi nyumbani na naogopa kutorudi? Wewe husikii, ndiyo maana nakwambia. Ukifika mbinguni kabla yangu, waambie Dafroza hakuanguka."

Nilikuwa nimelala pale na macho yamefumbwa, na ndani ya kichwa changu wanawake wote wa kijiji walikuwa wanainuka kutoka mahali walipoanguka, mmoja mmoja, na kunitazama. Jicho la huyu. Mdomo wa yule. Udongo wa Nakivale haukuwa unateleza. Nilikuwa nimebeba makopo na makopo ya mchanga, na waliona, na hakuna aliyenicheka.

Chozi likatoka. Sikulifungulia njia, lilipita lenyewe chini ya kope.

"Bikira Mariya! Shoferi! Shoferi! Mtoto ametoa chozi!"

"Hiyo ni mzuri, nyabo!" dereva aliitika bila kuongeza mwendo. "Mutu ya kufa haiwezi kulia!"

Hospitalini Mbarara mambo yalikwenda haraka mno baada ya safari ile. Kitanda chenye magurudumu, taa zinazopita juu ya kope zangu, harufu ya dawa. Mtu akauliza jina la mtoto.

"Mufano," alisema dereva.

"Mfano nani?"

"Mufano tu. Mama yake alisema hivyo mara tatu."

Likaandikwa. Wakanifungua vijiti vya mzee Bizimana, na nikamsikia daktari, kijana kwa sauti, akisema aliyefunga hivi anajua kazi, ila haoni alichokuwa anafunga. Wakanibonyeza tumbo, wakanipiga tochi machoni kwa kunivuta kope. Nilizungusha mboni juu ili nisimwone, nikihesabu kwamba jicho lililofunguliwa na mtu mwingine si kosa langu. Kisha muuguzi, mama mnene mwenye mikono ya joto, akasema maneno ambayo sikuwa nimeandaliwa.

"Leta wembe. Tunyoe hii kichwa, tuone kidonda iko wapi."

Jumapili nzima nilikaa katikati ya magoti ya Mama. Jumapili nzima!

"Musininyoe!" Niliruka nikakaa. "Musininyoe! Mimi ni mufano!"

Chombo kilianguka sakafuni. Muuguzi alikuwa wa kwanza kupata akili. Alinishika mabega kwa upole. "Tulia, Mufano. Tunajua wewe ni Mufano."

"Hapana! Mimi si Mufano! Mimi ni mufano tu!"

Muuguzi akamgeukia daktari na kumwambia kwa sauti ya chini, "Musawo, ni kichwa. Anachanganyikiwa."

"Hivi ni vidole vingapi?" daktari aliuliza.

"Vitatu! Jina langu Sifa! Ni nyanya! Ni nyanya na mawese, Mama alinipaka, kuna wageni wa Kampala, alisema nisifungule macho!"

Daktari alipitisha kidole shingoni mwangu, akakileta puani. Akakinusa tena. Uso wake ulipita mahali pengi kabla haujatulia. "Sista," alisema, "hii ni mboga."

Muuguzi alikaa kwenye kiti. Alianza kucheka bila sauti, mwili mzima ukitikisika, akijipepea kwa faili lililoandikwa Mfano. Dereva, aliyekuwa amebaki mlangoni kofia mkononi akisubiri kujua kama nitapona, aliniangalia kwa muda mrefu. "Mimi nimesimama kwa ng'ombe ishirini," alisema, "nikisema moyoni, Mungu, ngoja huyu mtoto." Akatoka. Nilisikia baadaye kwamba alikwenda kuosha uso.

Kwenye kitanda cha pili, mita mbili kutoka kwangu, alikaa mama Dafroza. Hakuwa anacheka.

"Ulikuwa unasikia," alisema.

"Ndiyo, mama Dafroza."

"Yote?"

"Yote. Hata ya mawese."

Alifunika mdomo kwa mkono mzima. Nilidhani atalia. Na hapo muuguzi, akijifuta macho, akamgeukia na kalamu. "Na wewe, nyabo? Mkono imefanya nini?"

"Nilianguka," alisema mama Dafroza. Neno lilitoka lenyewe, lilikuwa limezoea njia.

Muuguzi hakuandika. Aliutazama mkono, akatazama alama kuukuu juu ya kiwiko, nyingine shingoni, akauliza tena, polepole, kama mtu asiye na haraka yoyote siku hiyo. "Ulianguka wapi?"

Mama Dafroza akanitazama mimi. Muuguzi naye akafuata macho yake, akanitazama mimi. Nikaelewa kwamba swali linakuja upande wangu, na kwamba nimebeba kitu ambacho sheria ya Mama inasema unasikia, unameza, na kwamba mimi ni mbovu wa kusema uongo. Nilifanya jambo pekee nililokuwa na ujuzi nalo. Nikalala chali, nikafumba macho, nikazimia.

Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika miaka yote ya ujirani wetu: mama Dafroza anacheka. Alicheka mpaka mkono ukamuuma, akalia "ayi, ayi" na kuendelea kucheka. Na kicheko kilipomwishia, alisema, kwa sauti ileile ya ndani ya gari lakini sasa kwa nguvu kidogo:

"Mwacheni mtoto apumzike. Nitasema mwenyewe."

Akasema. Sikufungua macho mpaka alipomaliza, ingawa hakuna aliyeniambia nisifungue.

Mama alifika kwa gari la wageni wake, jeupe, refu, lenye vumbi mpaka juu ya paa. Njia nzima, alinisimulia baadaye, walimuuliza kwa adabu kama kila zoezi lake linafika Mbarara. Aliingia wodini mbio, filimbi shingoni, kiatu kimoja kimekatika. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, uso umeoshwa, nakula andazi la muuguzi.

"Sifa!" alipiga kelele. "Amuka!"

"Nimeamuka, Mama."

Alinishika kichwa, akakigeuza huku na huku kana kwamba angeweza kukuta kidonda ambacho alikipaka mwenyewe. Kisha akanikumbatia kwa nguvu iliyoniumiza kuliko ajali. Akainua macho, akamwona mama Dafroza na plasta yake mpya nyeupe. Wakatazamana.

"Nimewaambia," alisema mama Dafroza.

Mama alikwenda akakaa kando yake. Hakuuliza kitu.

Jioni, tukirudi, nilimuuliza kama alikuwa anajua. Alisema alijua. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema yeye, ambaye alisema kila kitu. Aliangalia nje ya dirisha, migomba ikipita. "Ningeita polisi kabla hajawa tayari, angekana mbele yao, na kisha ningerudi kwetu mimi, yeye angerudi kwa Salvatori. Nilikuwa nangoja aniambie, na usiku sikuwa nalala." Hilo la mwisho lilinishangaza. Nilidhani Mama huamka usiku kwa sababu ya panya.

Mama Dafroza hakurudi kwenye nyumba ile. Mwanamke mmoja wa ustawi wa jamii alikaa naye hospitalini, akamwandikia mambo, na alipotoka alikwenda kwa dada yake karibu na Kabazana. Salvatori aliitwa na polisi Base Camp, kwenye ofisi kuu za kambi, akakaa huko siku kadhaa. Aliporudi alikuja moja kwa moja kwetu. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Alisimama uani, mtu mrefu, mikono imekunjwa ngumi.

"Nani alimfundisha mke wangu kusema?"

"Hakuna mwenye kumufundisha," alisema Mama. Alikuwa amesimama kati yangu na yeye. "Alisema mwenyewe."

"Huyu mtoto ndiye aliyekuwa naye garini."

"Huyu mutoto alikuwa amezimia," alisema Mama. "Uliza hospitali. Iliandikwa."

Akapiga hatua moja. Na hapo, kutoka upande wa njia, akatokea mzee Bizimana. Alikuwa amemwona akipita na kumfuata. Mkononi alishika vijiti vyake virefu viwili na bendeji imekunjwa vizuri. Alikuja akasimama karibu kabisa na Salvatori, akamwangalia kuanzia unyayoni mpaka kichwani kwa jicho la fundi, akamuuliza kwa upole mkubwa:

"Salvatori. Kuna mahali panapokuuma?"

Mpaka leo sijui kama yalikuwa matisho au huduma. Sidhani Salvatori alijua. Aliangalia vijiti. Aliangalia majirani waliokuwa wameanza kutoka milangoni, mmoja hapa, mmoja pale. Akafungua ngumi, akaondoka, na mwaka huo huo akahamia upande wa Rubondo, mbali na kijiji chetu. Sijui habari zake zaidi.

Plasta ilipotolewa, mama Dafroza alikuja kwetu, mkono umekonda na kupauka, akamwambia Mama anataka kujifunza ile kazi. Mama alimpa fulana yake ya pili. Jumamosi ya kwanza tulikwenda watatu, nami nikiwa nimevaa begi la bendeji mgongoni. Nyumba ya pili tulimkuta mwanamke mgeni, hana miezi mitatu tangu afike, anakoroga uji kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ameushikilia kifuani. Mama alimsalimia, akamuuliza mkono umefanya nini.

"Nilianguka," alisema yule mwanamke bila kuinua kichwa.

Mama alianza kutafuta karatasi yake. Mama Dafroza akamgusa, akampita, akavuta kigoda mpaka karibu na moto.

"Mie vilevile nilianguka," alisema. "Miaka minne. Tuanze na mie, kisha utaniambia wewe."

Yule mwanamke aliendelea kukoroga kidogo. Kisha akaitoa sufuria motoni, akaiweka juu ambapo mtoto hafiki, akaketi.